Mwalimu wa Kikapu na Kiti cha Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Shumbwi, palikuwa na Sultani aitwaye Haidari, na Sultani huyo alipenda mambo mawili kuliko yote: mchezo wa kikapu, na kuamkiwa. Wenzake walipenda farasi na vito. Yeye alipenda hayo mawili, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Mchezo wenyewe waliucheza hivi. Husimamishwa nguzo mbili ndefu, kila nguzo ikafungwa kikapu cha ukindu kilichotolewa kitako, kisha watu watano wa huku na watano wa kule wakaugombea mpira, wakiudundadunda na kupasiana, hata mmoja autumbukize kikapuni. Usiniulize waliujifunza kwa nani. Wako wajuzi watakaobisha kwamba zama hizo mchezo huo haukuwapo, nao hao waende wakasimulie ya kwao.

Ama kuamkiwa, kulikuwa na sheria iliyoandikwa tangu enzi za babu yake Sultani, nayo yasema: Raia wa Shumbwi apitaye mbele ya Sultani na asimame, mikono yake iwe mitupu, aweke mkono wa kuume kifuani, aamkie, wala asiondoke mpaka aitikiwe. Na kiti cha Sultani kiliwekwa ubavuni mwa uwanja, katikati kabisa, ili bwana mkubwa aone vizuri. Basi ikawa kila mchezaji wa Shumbwi akija mbio na mpira wake, akifika mbele ya kiti husimama ghafla, huuweka mpira chini, huinama na kusema, "Nashika miguu, Maulana." Na Sultani, ambaye hakuwa mtu wa haraka, humjibu, "Marahaba, marahaba. Wajionaje? Mama hajambo? Na yule mbuzi wenu, amepona?" Hata habari za mbuzi ziishe, watu wa Kitondooni, ambao ni wageni na sheria haiwahusu, wamekwisha uokota mpira na kuutia kikapuni, nao wanarudi zao wakicheka.

Timu ya Shumbwi ikafungwa mara tisa mfululizo. Mji ukagawanyika. Penye kahawa hapakuwa na habari nyingine ila ya Mwalimu Nyange, aliyewafundisha wachezaji: abaki au aondoke? Huyu anasema mwalimu amechuja, hana jipya. Yule anasema, mwacheni, timu haijengwi kwa siku moja. Mzee mmoja akaapa kwamba kofia ya mwalimu ina nuksi, na watu wazima na akili zao wakaanza kuijadili kofia. Kiti hakuna aliyekitaja. Walikiona wote, kwa macho yao, mchana kweupe, lakini nani atasema heshima ya Sultani inatufungisha? Kila mtu alikipenda kichwa chake.

Sultani akaitisha baraza. Waziri Sarahani akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Maulana, umri wako uwe mrefu. Kosa ni la mwalimu, na mwalimu ni Nyange. Rai yangu, afukuzwe mjini yeye na nyumba yake yote, na mahali pake akae shemeji yangu, ambaye ni mtu wa maarifa." Shemeji mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake, na kilemba kipya keshavaa.

Nyange alikuwa amepiga magoti pale chini. Mkewe, Bi Mize, alikuwa mja mzito, na mwezi wake ulikuwa huo huo. Kufukuzwa mjini maana yake ni kujifungulia njiani, kwenye jua, bila mkunga. Jambo hilo lilimkata maini Nyange, akawa anatazama vidole vyake tu.

Ndipo ikasikika kicheko mlangoni. Aliyecheka ni Machano, fundi wa kuziba mikeka ya watu, ambaye kwake mwenyewe alilalia sakafu. Hakuwa na kitu mtu huyo, wala hakuonekana kusumbuka kwa kutokuwa nacho.

"Ewe Machano," akasema Sultani, "wacheka nini mbele ya baraza langu?"

"Nashika miguu, Maulana."

"Marahaba. Wacheka nini?"

"Nacheka, bwana wangu, kwa kuwa timu hii yaweza kushinda Ijumaa ijayo, na mwalimu wake ni huyu huyu."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani akanyoosha kidole. "Vema. Basi uishindishe wewe. Mwalimu asibadilishwe, mchezaji asibadilishwe, wala sheria ya mji isipunguzwe hata herufi moja. Wakishinda, Nyange atabaki. Wakifungwa, Nyange atatoka mjini kabla ya jua kuchwa, nawe utamchukulia mizigo yake kichwani mpaka mpakani, na kurudi hutarudi."

"Nimekubali, Maulana. Nataka jambo moja dogo. Mimi ni mtu wa mikeka. Nipe kazi ya kutandika mikeka siku hiyo na kuweka kiti chako, nawe uape kwamba utakaa nitakapokuweka, namna nitakavyokuweka, mpaka mchezo uishe."

Sultani akaona ni ombi la mpumbavu. Akaapa kwa kilemba cha baba yake, mbele ya watu wote, na kadhi akaandika.

Alasiri hiyo Machano akaenda nyumbani kwa Nyange. Akamkuta Bi Mize ameketi juu ya kinu, anafunga masufuria kwa kamba ya katani, na machozi yanamdondoka hata hayafuti.

"Umetuponza, Machano," akasema Nyange. "Nilidhani wataniruhusu walau mpaka mtoto azaliwe. Sasa umefanya mzaha, na mzaha wako umewekwa muhuri."

"Wachezaji wako wanajua kurusha?"

"Wanajua sana! Wakiwa mazoezini, Sultani hayupo, hutumbukiza mpaka kikapu hukatika. Hata kuamkia nimewafundisha waamkie mbiombio. Wakaambiwa salamu ya mbio si salamu."

"Basi wafundishe kurusha, na salamu niachie mimi," akasema Machano. "Nawe Bi Mize, dada yangu, masufuria hayo yafungue. Utapikia nini leo?"

Bi Mize akamtazama, akasonya, lakini akalifungua moja.

Ijumaa ikafika. Watu walijaa uwanjani mpaka juu ya kuta. Sultani akaja na matarumbeta yake, na waziri wake, na shemeji wa waziri nyuma na kilemba chake. Alipofika akakuta mikeka imetandikwa vizuri sana, mwavuli umesimama, na kiti kipo mahali pake pale pale pa siku zote. Ila kimegeuzwa. Kimeelekea ukuta wa ua, na uwanja uko nyuma.

"Machano! Kiti hiki kimeelekea wapi?"

"Kimeelekea ukutani, Maulana."

"Nami nitautazamaje mchezo?"

"Hilo, bwana wangu, halimo katika kiapo."

Waziri akapiga kelele kwamba huo ni utovu wa adabu, na kwamba sheria imevunjwa. Machano akamwomba kwa upole aisome hiyo sheria. Kadhi akaletewa kitabu, akasoma: apitaye mbele ya Sultani. Akarudia tena, akafunga kitabu, akasema, "Mbele, Mheshimiwa Waziri. Nyuma hakukutajwa." Na Sultani, kwa kuwa kilemba cha baba si kitu cha kuchezea, akaketi akautazama ukuta. Ulikuwa ukuta wa chokaa, na mjusi mmoja.

Mpira ukarushwa juu. Mchezaji wa kwanza wa Shumbwi akaudaka, akakimbia, akafika penye kiti. Miguu yake ikataka kusimama kwa mazoea, akaona kisogo cha Sultani, akababaika. "Pita!" akapiga kelele Nyange. Akapita. Hakuna aliyekuwa mbele ya Sultani ila mjusi. Akafika nguzoni, akaruka, mpira ukatumbukia, na uwanja ukalipuka kwa vifijo.

"Nini hicho?" akauliza Sultani, anataka kugeuka. "Nani kafunga?"

Machano akajipenyeza kati ya kiti na ukuta. Akasimama, mikono mitupu, akaweka wa kuume kifuani. "Nashika miguu, Maulana."

"Marahaba. Nani kafunga?"

"Ni sisi, Maulana." Akaenda kutazama, akarudi upesi, akasimama tena. "Nashika miguu, Maulana."

"Marahaba, marahaba! Mpira u kwa nani?"

"Ulikuwa kwetu nilipoanza kukuamkia, bwana wangu. Sasa sijui, ngoja nikatazame." Akaenda, akarudi. Vifijo vikawa vinapanda na kushuka. "Nashika miguu, Maulana."

"Marahaba! Haya, sema!"

"Hukuniuliza hali yangu, Maulana."

"Wajionaje?" Sultani amekwisha anza kutoka jasho.

"Sijambo. Mama naye hajambo. Mbuzi hatuna, ila jirani anaye, na huyo mbuzi juzi alipatwa na..." Kelele kubwa ikapigwa nyuma yao, hata mwavuli ukatikisika. Sultani alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu zake zote, anajipinda huku na huku kama mtoto mwenye haja, kwa kuwa kiapo kilimkataza kugeuka na roho yake yote ilikuwa nyuma. Machano akaenda kutazama, akarudi tena, taratibu, akaweka mkono kifuani.

"Nashika..."

"Acha salamu!" akanguruma Sultani Haidari. "Acha salamu, wewe mtu! Hapa watu wanacheza! Niambie mpira u wapi!"

Sauti hiyo ilisikika uwanja mzima. Wachezaji wakasimama, wa Shumbwi na wa Kitondooni. Waziri akafumba macho. Hata Sultani mwenyewe alilisikia neno lake likitoka, akautazama ukuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Machano."

"Labeka, Maulana."

"Mara tisa zote?"

"Mara tisa, bwana wangu."

Sultani akatikisa kichwa. Akaashiria mchezo uendelee, nao ukaendelea, naye akakaa na kiapo chake mpaka mwisho, anasikiliza kwa masikio tu. Kuna walioapa walimwona akicheka na mjusi. Mchezo ulipokwisha akageuka, akaambiwa Shumbwi arobaini na mbili, Kitondooni kumi na tisa, na wageni walikuwa wanalalamika kwamba kiti kirudishwe kilivyokuwa.

Bi Mize alikuwa amesimama nyuma ya umati, mkono juu ya tumbo lake. Aliposikia hesabu ile akaketi chini pale pale, akalia kwa furaha bila kumwonea haya mtu, na wanawake wakampigia vigelegele.

Sultani akatamka mbele ya watu kwamba tangu siku hiyo, mpira ukiwa unachezwa, hakuna kumwamkia mtu yeyote, awe Sultani, awe nani. Mwalimu Nyange atabaki mwalimu mpaka mwenyewe achoke. Shemeji wa waziri akapewa kazi ya kuokota mipira inayotoka nje, na akashauriwa avue kilemba kwanza. Machano akaulizwa atake atakalo, akataka chakula cha siku ile na mkeka mmoja mzima, kwa kuwa ya kuziba alikuwa nayo tele. Akapewa mikeka kumi na pilau sinia nzima.

Kisha Sultani akamwita Nyange, akamwinua kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "nilikuwa nakaribia kumfukuza mtu asiye na kosa, na mkewe hali ile. Limenitia haya jambo hili. Lakini nawe una lawama yako. Mbona hukuja kuniambia mapema?"

Nyange akainamisha kichwa. "Nilikuja, Maulana. Nilikuja barazani mara saba."

"Saba! Na hukusema neno?"

"Kila mara nilianza kwa kukuamkia, bwana wangu. Ukaniuliza mama, ukaniuliza mke, ukaniuliza kuku mmoja mmoja. Tulipomaliza kuku, baraza lilikuwa limekwisha."

 Sultani akamtazama Nyange, akamtazama Machano ambaye mdomo wake umejaa pilau, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kikapu asianguke, na mji mzima wa Shumbwi, kwa mara ya kwanza, ukathubutu kucheka naye.