Inspekta Jabali Ahamia Ruhonga

Wahenga walisema kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Maana ya methali hii ni nyepesi kuieleza na nzito kuibeba. Mtu hufurahia ukali unapomwangukia mwenziwe. Ukimgeukia yeye, au mtu wa damu yake, ndipo anapoujua uchungu wake. Watu wa Ruhonga waliifahamu methali hii tangu utotoni. Hata hivyo, walihitaji kuonyeshwa.

Ruhonga ni mtaa mdogo ulio kati ya soko la Mwanga na Ziwa Tanganyika. Wanaume wake huvua dagaa kwa taa, na wanawake wake huwaanika mchangani. Mbalamwezi inapong'aa, dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo kila mwezi mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa, taa hufungiwa ghalani, na wavuvi hubaki nyumbani mikono mitupu. Katika siku hizo walijazana kama siafu barazani kwa Adolf, mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa na televisheni kubwa kuliko zote.

Kipindi walichokipenda kiliitwa Inspekta Jabali. Inspekta huyo hakuwa na muda wa kupoteza. Alimkamata mtu, akamfunga kitini, akamtwanga, na kabla ya matangazo ya biashara mtu huyo alikuwa amekwisha kukiri. Kila aliyepigwa alikuwa na hatia. Jambo hilo halikumshangaza mtazamaji hata mmoja.

"Umeona?" Adolf alikuwa akisema huku akijipiga paja. "Mwizi hana mdomo mpaka umfungulie!"

"Wetu sisi ni kuandika tu, Mwenyekiti," alidakia Martini, mlinzi wa ghala la taa. "Anaandika mpaka kalamu inaomba maji."

Baraza nzima ilicheka. "Wetu" alikuwa Afande Rahabu, polisi wa kata, mwanamke mwenye sauti ya upole ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiinua mkono.

Siku ya pili ya mbalamwezi, kulipopambazuka, ghala lilikutwa wazi. Taa kumi na mbili, pamoja na betri zake, zilikuwa zimetoweka. Kufuli halikuvunjwa. Bila taa hizo, wavuvi wa Ruhonga wasingeweza kurudi ziwani mwezi utakapofifia. Hofu ilitanda, na hofu ikazaa minong'ono. Martini alisema kwamba jioni iliyotangulia alimwona Dotto akizungukazunguka karibu na ghala. Dotto alikuwa mpagazi wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, na mwana wa Yunisi mwanika dagaa. Yeye ndiye aliyebeba taa hizo kila siku kutoka mitumbwini. Kwa watu wa barazani, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Afande Rahabu alimhoji Dotto, akaandika maelezo yake. Aliwahoji pia wavuvi wote wenye taa. Martini alihojiwa mara tatu. Kisha Rahabu akanakili namba za taa kutoka kwenye kitabu cha ghala na kumwachia Dotto kwa dhamana siku ileile.

"Hata kofi?" aliuliza mvuvi mmoja, mdomo wazi.

"Hata kofi."

"Basi amekula kitu huyu mama."

Neno hilo lilisambaa kama moto wa nyikani. Hakuna aliyeona kitu kikiliwa, wala aliyejua kililiwa wapi. Lakini watu walikuwa wamefundishwa na televisheni kwamba askari wa kweli hupiga. Basi asiyepiga lazima awe na sababu. Adolf aliandika barua ya kuomba Rahabu aondolewe. Watu hamsini na watatu walitia sahihi, naye akaigonga muhuri wa mtaa.

Kabla barua haijajibiwa, Rahabu alimfuata nyumbani.

"Mwakeye, Mwenyekiti," alimwamkia kwa Kiha. "Nimesikia habari za barua. Sikatai. Nipe siku saba tu za kulifuatilia jambo hili."

"Siku saba! Inspekta Jabali hutumia dakika arobaini."

Adolf hakutania.

"Yule wa televisheni, Mwenyekiti, mtunzi wa hadithi amekwisha kumwambia mwizi ni nani. Mimi sijaambiwa na mtu."

Siku ya nne tangu wizi ule, Rahabu alihamishiwa upande wa Ujiji. Mahali pake akaja Afande Gasper, mwanamume mwenye mabega mapana na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Jioni ya kwanza aliketi barazani na kutazama kipindi pamoja na wananchi. Waliposhangilia, naye alishangilia. Kabla kipindi hakijaisha walikuwa wamekwisha kumpa jina: Jabali.

"Sasa tumepata polisi," alisema Adolf.

Siku ya sita asubuhi Gasper alimkamata Dotto na kuomba mahali penye faragha. Adolf alimpa ufunguo wa ofisi ya mtaa kwa mikono miwili. Habari zilienea, na watu wakaja kusikiliza. Wengine walibeba viti.

Sauti ya kwanza iliposikika, baadhi walicheka. Ya pili ikawanyamazisha wachache. Yunisi alifika akikimbia, magamba ya dagaa yakiwa bado yamemganda mikononi, akapiga magoti mbele ya mwenyekiti.

"Baba Feliksi, ingia umzuie. Wewe una muhuri, atakusikiliza. Wanamuua mwanangu!"

"Inuka, Mama Dotto. Hakuna anayeuawa. Asiye na hatia haogopi."

"Haogopi? Msikilize!"

"Subiri kidogo. Sasa hivi itakwisha."

Ilikwisha baada ya nusu saa. Gasper alitoka akijifuta jasho, karatasi mkononi, na umati ukampigia makofi.

"Amekiri," alisema. "Na hakuwa peke yake."

"Nilijua!" Adolf alipaza sauti ili wote wamsikie. "Mtaje huyo mwenzake, Afande. Mtaje, naye aonje!"

Gasper alisoma karatasi yake.

"Feliksi Adolf."

Makofi yalikatika kama uzi. Feliksi alikuwa mwana wa pekee wa mwenyekiti, mvuvi wa miaka ishirini na mitatu, naye alikuwa amesimama palepale nyuma ya baba yake.

"Feliksi yupi?" aliuliza Adolf, ingawa katika mtaa mzima hakukuwa na mwingine.

Alimpokonya Gasper karatasi na kuisoma. Iliandikwa kwamba Dotto alifungua ghala usiku wa manane, kukiwa na giza nene, akisaidiwa na Feliksi aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kuvua. Adolf aliisoma tena. Yeye aliyezaliwa na kukulia kando ya ziwa hakuhitaji wakili wa kumfafanulia.

"Afande, haya ni ya uongo! Giza gani? Usiku ule kulikuwa na mbalamwezi. Ungeokota sindano mchangani. Wala hakuna mtu wa Ruhonga aliyekwenda kuvua, hata mtoto mdogo anajua. Huyu amesema tu chochote ili uache kumpiga!"

"Mwenyekiti," alijibu Gasper polepole, "mbona unamtetea sana?"

Adolf aliwageukia watu wake, wale waliotia sahihi barua yake. Baadhi walitazama chini. Wengine walimkazia macho, na katika macho hayo aliiona ile shaka aliyoipanda mwenyewe.

"Asiye na hatia haogopi, Mwenyekiti," mtu alisema kutoka nyuma.

"Labda amekula kitu," akaongeza Martini.

Feliksi aliingizwa ofisini. Mlango ulifungwa kwa ufunguo uleule ambao baba yake aliutoa. Adolf aliugonga kwa ngumi, akaupiga mateke, akaita jina la Gasper, akaita jina la Mungu. Kisha akaisikia sauti ya mwanawe. Aliijua tangu ilipokuwa ya kuomba uji. Akageuka mbio, akadandia bodaboda, akaamuru apelekwe Ujiji.

Alimkuta Afande Rahabu akiandika.

"Shikamoo, Afande," alisema Adolf, yeye aliyekuwa na umri wa kumzaa. Hakujua hata alichokisema. "Wanamuua mwanangu."

Rahabu hakuuliza ni mwana gani, wala hakuitaja barua. Alichukua kofia yake na faili, akagonga mlango wa mkuu wake. Njiani, ndani ya gari la polisi, alimweleza Adolf mambo yaliyokuwamo kwenye faili. Kabla ya kuhamishwa alikuwa amewapelekea mafundi wa betri namba za taa zile. Asubuhi hiyo fundi mmoja wa Ujiji alimpigia simu: amepokea taa nne za kurekebishwa, na namba zake ni zilezile. Aliyezileta aliacha jina la uongo, lakini fundi alimfahamu kwa sura. Alikuwa Martini.

"Kufuli halikuvunjwa, Mwenyekiti," alisema Rahabu. "Nilikuwa nawatafuta wenye ufunguo."

Walipofika Ruhonga, Martini alitiwa mbaroni palepale kwenye umati, akiwa bado ameketi kwenye kiti alichokuja nacho. Taa nane zilizobaki zilikutwa chini ya kitanda chake, zimefunikwa kwa magunia ya mkaa. Gasper alipokonywa mkanda na kupakiwa kwenye gari lilelile. Hapakuwa na makofi. Jioni hiyohiyo wapo walionong'ona kwamba haiwezekani Rahabu akajua yote hayo bure. Lazima alishirikiana na Martini, kisha wakakosana. Shaka ikishazoea kulishwa, haikubali kulala njaa.

Feliksi alitolewa ofisini akiwa amevunjwa vidole vitatu vya mkono wa kuume, mkono anaovutia nyavu. Rahabu mwenyewe alijaza fomu ya PF3, kwani bila hiyo wangesumbuliwa hospitalini. Akajaza na ya Dotto. Kwa hiyo mchana huo Adolf na Yunisi walijikuta kwenye benchi moja la hospitali, kila mmoja na mwanawe, wakisubiri kuitwa. Uso wa Dotto ulikuwa umevimba kama andazi, na jicho moja lilikuwa limeziba.

Mwishowe Adolf alipiga moyo konde.

"Mama Dotto. Nisamehe."

Yunisi hakumgeukia.

"Nikuulize, Baba Feliksi. Pale nje, ulikuwa unamsikia mwanangu?"

"Nilimsikia."

"Na sauti yake ilikuwaje masikioni mwako?"

Adolf angeweza kudanganya. Alimtazama Feliksi, aliyekuwa ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga, akaona kuwa uongo hautamfaa mtu.

"Ilikuwa kama ya kwenye kipindi," alisema.

Yunisi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa alilolijua. Akamwegemeza mwanawe vizuri begani mwake. Muuguzi alitoka na kuliita jina la Feliksi. Kijana alijaribu kusimama, akajisahau na kuegemea mkono uliovunjika, na ukelele aliotoa ulimchoma baba yake hadi mfupani. Hapo Adolf alitambua, akiwa amechelewa, kwamba mkuki ni uleule mmoja: alipomwona anayechomwa kuwa nguruwe aliuonja utamu, na ulipomfikia binadamu wake, akaumeza uchungu.