Nyani Aliyeomba Upawa

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Sema wewe mwenye hadithi.

Pakawa na njaa chini ya mwamba, na shibe juu ya mwamba. Nikisema chota, nyinyi semeni mwaga. Chota.

Mwaga.

Hamjala nyinyi? Chota.

Mwaga.

Haya, hapo sawa. Na wewe uliyekumbatia bakuli la karanga, lipitishe kwa wenzako, maana hadithi hii inakuhusu.

Hapo kale, katika mji mdogo wa mkonge chini ya milima, palikuwa na hekalu la Wahindu, jeupe, lenye kengele ya shaba mlangoni. Nyuma ya hekalu aliishi mjane mmoja, Bi Kasturben, muuza vitambaa. Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Bi Kasturben alitoka na sinia. Mtama aliumwaga juu ya jiwe la ndege. Unga wenye sukari aliunyunyiza kwenye mashimo ya sisimizi. Chapati ya kwanza kutoka jikoni ilikuwa ya ng'ombe, na ya mwisho ilikuwa ya mbwa. Yake yeye ilikuwa humo katikati.

Mwaka huo mvua ikagoma. Jirani yake, Bi Mwanakheri, akamwambia kwenye ua, "Dada Kasturben, watu wanapima unga kwa kikombe, nawe unawamwagia sisimizi?"

"Si wangu huu, Bi Mwanakheri. Mali yote ni ya Mama Lakshmi, mimi kanishikisha tu. Nikifunga kiganja anaondoka, anakwenda kwa mwingine."

"Huyo Lakshmi ndiye mungu wenu wa utajiri?"

"Ndiye. Na hapendi kufungiwa mlango."

Bi Mwanakheri akaguna, akaenda zake. Kesho yake akaja na chenga za mchele ndani ya kitambaa, akasema hizi za ndege, na asiulizwe maswali.

Sasa ndege wenyewe walikuwa hawapati kitu, na hilo Bi Kasturben hakulijua. Juu ya mji palikuwa na mwamba. Ndani ya mwamba palikuwa na pango. Ndani ya pango palikuwa na Nyani, dume zima, mabega mapana kama mlango. Bi Kasturben akigeuka tu, Nyani huyo kashuka. Chakwa, chakwa, anajaza shavu la kushoto. Chakwa, chakwa, anajaza shavu la kulia. Mashavu ya nyani yana mifuko, hilo mnalijua. Anapanda mwambani, anatema pangoni, pwaa. Anashuka tena. Jiwe likiisha, anakwenda kwenye mashamba ya watu. Pango likajaa mtama, likajaa choroko, likajaa mahindi. Nyani hakula hata nusu yake. Alikaa mlangoni akililinda, basi, kazi yake ndiyo hiyo.

Hua akaja. "Bwana Nyani, nionee huruma, punje moja."

"Mkono mtupu haulambwi."

Kanga akaja. "Bwana Nyani, punje moja."

"Mkono mtupu haulambwi."

Kobe naye akaja, akafika siku aliyofika, akajibiwa vilevile.

Chini ya sakafu ya hekalu aliishi Kipanya. Humo hekaluni mlikuwa na sanamu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, na miguuni pake panya mdogo wa mawe. Kipanya alikuwa akimwambia kila mtu kwamba yule wa mawe ni babu yake mzaa mama, na hakuna aliyeweza kumkanusha, maana yule wa mawe alikuwa hasemi. Kipanya alikuwa mwerevu, mdomo mtamu, na siku zile alikuwa amezaa. Lakini watu wenye njaa hawaangushi makombo. Kipanya alifagia nyufa zote asipate kitu, na maziwa yakamkauka. Wanawe wakanyonya, wakakosa, wakalia. Kisha wakaacha kulia. Huko kuacha kulia ndiko kulikomtia hofu mama yao.

Akapanda mwambani.

"Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba. Mkono mtupu..."

"Sikuja kuomba. Nimekuletea habari, kwa kuwa tajiri wetu ni wewe. Sikukuu ya taa ya Wahindu imefika, Diwali. Na baada ya Diwali kuna Anakuti."

"Anakuti ndiyo nini?"

"Mlima wa chakula. Wanaujenga mbele ya mungu wao. Kisha aliye tajiri kuliko wote anashika upawa, na kila mtu anapita mbele yake akiinama."

Nyani akajikuna kifua. Aliogopwa, ndiyo. Alitukanwa kwa mbali, ndiyo. Lakini kuinamiwa, hajawahi hata siku moja, na utajiri wote ule.

"Unanidanganya wewe."

"Njoo uone kwa macho yako."

Siku ya Anakuti wakakaa kwenye dirisha la juu, Nyani na Kipanya, wakachungulia. Jamani, palikuwa na mlima kweli. Wali mweupe ulirundikwa katikati mpaka kifuani kwa mtu. Ukazungukwa na ladu tamu za njano, kachori, ndizi, achari ya ndimu, mabakuli ya dengu. Mwaka wa njaa ule, lakini kila nyumba ilileta chake, mwenye sufuria sufuria, mwenye kijiko kijiko, na vyote vikawekwa pamoja hata usijue kipi cha nani. Taa za udongo ziliwaka kuuzunguka. Harufu ya samli ikapanda mpaka dirishani.

Na watu hawakugusa. Hilo ndilo lililomshangaza Nyani. Maisha yake yote chakula kilikuwa kitu cha kunyakua. Watu hawa, wenye mbavu za kuhesabika, walisimama mbele ya wali wa moto wameunganisha viganja, wanautazama tu. Kengele ikalia, ng'aa, ng'aa, ng'aa. Wakaimba. Nyani manyoya yakamsimama mgongoni, na hakujua kwa nini.

Kengele ikanyamaza. Mzee Valabdas, mwenye maduka makubwa kuliko yote mjini, akashika upawa. Mlango ukafunguliwa wazi. Wakaingia wakata mkonge, wachukuzi, wajane, watoto, na hakuna aliyeulizwa dini wala kabila. Kila aliyepita aliinama, akakinga mikono, akapewa.

"Ni kweli wanamwinamia," Nyani akanong'ona.

"Subiri kwanza mpaka mwisho," akasema Kipanya.

"Naenda kujenga wangu."

"Bwana Nyani, tafadhali, subiri mpaka mwisho."

Nyani hakusubiri. Pu, karuka ukuta, katokomea, na upawa wa kifuu wa Bi Kasturben kauzoa njiani. Angalieni sana hapo, wenzangu: Kipanya hakusema uongo hata mmoja. Alimbembeleza abaki, na alimjua vizuri kwamba habaki.

Asubuhi yake Nyani akatoa mali yote pangoni. Chakwa, chakwa, pwaa. Mtama, pwaa. Choroko, pwaa. Mahindi, pwaa. Mlima ukasimama juani, mwekundu, kijani na njano, na wanyama walioalikwa na Kipanya wakaduwaa. Digidigi alikaa chini bila kutaka. Walijua Nyani ameiba, lakini hawakujua kwamba dunia ile iliyokauka ilikuwa bado na vitu vingi namna ile.

Kipanya akapanda jiwe, akatikisa njuga aliyoiokota hekaluni. Nging, nging.

"Mlima huu umekwisha kutolewa," akasema. "Sasa si wa Nyani, wala si wetu. Ni wa Mama Lakshmi, na sisi sote ni wageni wake. Mwenye upawa hamrudishi aliyekuja. Mwenye upawa anakula mwisho."

Nyani akageuza shingo polepole. "Hilo la mwisho sikuliona."

"Ulikuwa umeshaondoka, Bwana."

Mkono wa Nyani ukapanda kumponda Kipanya, na ungemponda. Lakini Hua alikuwa amekwisha sogea. Akainamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa mwamba. Nyani akamtazama. Ikamwingia raha moja ya ajabu, tumboni, mahali ambapo shibe ilikuwa haijawahi kufika. Mkono ukashuka kwenye upawa.

Chota.

Mwaga.

Akaja Kanga, akainama. Chota.

Mwaga.

Akaja Digidigi, akaja Nungunungu, akaja Kobe, ambaye safari hii alianza kutembea tangu jana. Chota.

Mwaga.

Jua likapanda. Nyani alikuwa hajatia kitu kinywani tangu alfajiri, lakini mlima ulikuwa bado mkubwa na wanyama walikuwa wamekwisha. Akaweka upawa chini. Ndipo alipowaona sisimizi. Walitoka mwambani mpaka mjini, mstari mmoja mweusi, mpaka kwenye yale mashimo ya Bi Kasturben na kupita.

"Hawa ni wangapi?"

"Hawana hesabu, Bwana. Na wote wamekuja."

Kila mmoja akafika, akainama, akapewa punje yake. Chota.

Mwaga.

Mnachoka? Na Nyani je? Mkono ulimuuma, tumbo lilimnguruma, na mlima ulishuka, ukashuka, mpaka mwamba ukaonekana. Sisimizi wa mwisho akapita. Kwenye upawa ukabaki mtama kidogo, wa kujaza shavu moja tu.

Na mbele ya upawa alisimama Kipanya na wanawe juu ya jani. Aliyealika hatangulii wageni, kwa hiyo alijiweka nyuma ya wote. Ila werevu wake ulipiga hesabu ya mlima, ukasahau kupiga hesabu ya sisimizi. Wale watoto hawakutikisika. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akipumua kwa kuonekana.

"Hiki ni changu," akasema Nyani. "Mimi ndiye wa mwisho."

Kipanya, na mdomo wake wote mtamu, akainama kama walivyoinama wengine, akabaki hivyo hivyo.

Nyani akainua upawa mpaka kinywani. Hapo, mchana kweupe, Bundi akaja akatua juu ya pango. Wanyama wakajikunyata, maana sisi kwetu bundi ni nuksi, akitua juu ya paa watu hutafuta mawe. Lakini Kipanya akasema bila kuinua kichwa, "Msikimbie. Kule hekaluni huyu ndiye anayembeba Mama Lakshmi. Anapotua, Mama amefika."

Bundi akamkazia Nyani macho yale mawili makubwa, hapepesi. Wapo wanaosema ilikuwa ni njuga tu iliyomwamsha Bundi usingizini. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Nyani alitazama juu, akatazama chini kwenye lile jani. Kisha mkono wake mzito ukageuka.

Mwaga.

Kipanya akala, akatafuna huku machozi yakimtoka, na maziwa yakaja. Kwanza akalia mtoto mmoja. Halafu wakalia wote, kwa fujo, wakisukumana. Digidigi anasema sauti ile ilikuwa ndogo kuliko ya mbu, na kila mtu pale mwambani aliisikia.

Nyani akakaa chini na upawa mtupu. Pango nyuma yake lilikuwa tupu, mashavu matupu. Akasikia kitu kidogo mguuni. Sisimizi mmoja amerudi, ameweka punje. Akaja wa pili, akaweka punje. Hua akarudi, akaweka punje. Wakarudi Kanga, Digidigi, Nungunungu. Hakuna aliyewatuma. Kwao yule anayekula mwisho halali njaa, basi. Fungu likapanda mbele ya Nyani mpaka magotini, na yeye akalitazama kama walivyoutazama watu wa hekaluni ule wali, asithubutu kuligusa.

"Kula, Bwana," akasema Kipanya. "Hizi sasa ni zako."

Nyani akaonja punje moja, akaitafuna muda mrefu. "Huu si mtama wangu," akasema. "Wangu haukuwa na ladha hii."

Tangu siku hiyo mlango wa pango haukulindwa tena. Na Nyani akawa msumbufu ajabu. Kila alfajiri anateremka hekaluni, anagonga sakafu, anamuuliza Kipanya, "Je, leo ni Anakuti? Nishike upawa?" Akiambiwa bado, ananuna mpaka jioni.

Sasa funzo, lisikilizeni vizuri. Ukijaliwa ghala, lifunge. Ufunguo umeze. Usisogee karibu na panya wa hekaluni, wala usiazime upawa wa mtu. Kwani mwangalieni Nyani yaliyompata: alikuwa na pango zima la mtama, leo hana kitu, amebaki na majirani tu.

Hadithi nimeichota, nimeimwaga. Mwenye kukinga amekinga. Mimi naenda kukwangua sufuria.