Mtani Katika Bodi ya Asali

Wa jiko moja hawasikii moshi. Hivyo ndivyo alivyowaambia shangazi yenu mlipomtajia kamati ya mradi wenu wa kuku, ndugu watupu kuanzia mwenyekiti hadi mweka hazina, kisha akaingia zake ndani bila maelezo. Maelezo kaniachia mimi, kwa kuwa anajua sina kazi zaidi ya kukaa na kusema. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Pale Ipuli, Tabora, palikuwa na mzee aliyeitwa Mihayo Kapaya. Alikuwa mtu wa asali. Baba yake alikuwa mrina asali, mtu wa kupanda miti porini na mwenge unaofuka moshi ili nyuki walegee, na Mihayo alikulia ndani ya moshi huo. Alipopata akili alianza kununua asali ya warina wenzake, akaichuja, akaitia kwenye chupa, akabandika karatasi yenye picha ya nyuki aliyenona kama ndama. Watu wakaipenda. Tabora ikalamba, Nzega ikalamba, mwisho ikasajiliwa kampuni.

Sasa kampuni haiendi kienyeji, wakamwambia aunde bodi ya wakurugenzi. Mzee akaiunda bila kutoka nje ya uzio wake. Mwenyekiti yeye mwenyewe. Wajumbe ni mkewe Bi Wande, mdogo wake Nkwabi, binti yake Nyamizi aliyesimamia uchujaji, na mwanawe Lugendo. Vikao vilifanyika mezani baada ya ugali. Mzee akikohoa, kikao kimefunguliwa. Akisema "Nadhani," wote wameshakubali. Nkwabi aliinua mkono wa kuunga hoja kabla hoja haijatolewa, ili awahi kulala. Msicheke sana lakini. Kwa biashara ya Tabora bodi ile ilitosha. Walijuana, waliaminiana, na hakuna aliyeiba.

Ikawa Lugendo kasafiri kwenda Maskati kufuata vipuri vya magari. Alirudi na vipuri, na ndoto juu yake. Akawaambia kwamba kule asali ina heshima. Mgonjwa anapewa asali, mgeni anapewa asali, na bei yake ya huko huwezi kuitamka mbele ya watoto. Wafungue duka na ghala kulekule. Benki ilikubali kukopesha, ila ilitaka dhamana, na dhamana iliyokuwapo ni hati ya nyumba ya Ipuli.

Nyumba ile haikuwa matofali tu. Nyuma yake wamelala baba na mama wa Mzee Mihayo, na mtoto wake wa kwanza aliyefariki akinyonya. Biashara ya Maskati ikianguka, nyumba inauzwa, na mnunuzi haulizwi makaburi ya nani.

Benki ikaongeza sharti jingine: bodi iwe na mjumbe mmoja asiye wa familia. Mzee akakasirika. "Mtu wa nje aje akae mezani kwangu, ajue chumvi yangu inawekwa wapi?"

Nkwabi, ambaye usingizi haukuwahi kumzuia kufikiri akipenda, akatoa dawa. "Kaka, tumweke Bi Tabu."

Bi Tabu Mwinyikondo alikuwa Mzaramo, mstaafu wa kukata tiketi stesheni, jirani yao wa siku nyingi. Na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana msibani kwa baba yako, ukikasirika wewe ndiye mkosa.

"Mtani hana neno zito," Nkwabi akasema. "Lolote atakalosema, tutacheka, tutaendelea."

Wakamweka.

Siku ya kupitisha mkopo Lugendo alieleza kwa kirefu, akachora na ramani. Hati ya nyumba ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Bi Tabu alikuwa kimya.

"Mtani," Mzee akamchokoza, "mbona umelala? Au mpaka tukupigie ngoma ndipo uamke?"

"Nawangoja mjitwishe," akajibu. "Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Ninyi leo mnabeba nyumba mpaka Maskati. Kazi ya ukoo haipotei."

Wakacheka, Mzee akapiga meza.

"Nina swali dogo," akasema Bi Tabu. "Huko Maskati, nani ameionja asali hii?"

"Shangazi, wale ni watu wa asali tangu na tangu," akasema Lugendo.

"Sikuuliza wanakula nini. Nimeuliza nani ameionja hii."

Lugendo akatazama ramani yake. Hakuna aliyeionja. Alikuwa amekwenda kununua vipuri, hakuchukua hata chupa moja. Bi Tabu akaomba kijiko, akalamba, akakunja uso.

"Ina moshi."

Chupa ikazunguka meza. Lugendo akaonja, Nyamizi akaonja, wote wakatikisa vichwa. Mzee akaonja. Nkwabi akaonja mara ya pili ili awe na hakika, na ya tatu kwa sababu zake. Bi Wande akaonja, akakiweka kijiko chini taratibu. Hakuna aliyesikia moshi.

"Mwacheni," Nkwabi akasema. "Ulimi wa Mzaramo umepakwa tui la nazi, unateleza tu."

Wakacheka tena, na katika kicheko hicho Mzee akaichukua kalamu.

"Mihayo."

Hakumwita mtani. Kicheko kikakatika.

"Leo utani nauweka chini," akasema Bi Tabu. "Asali yenu ina moshi. Mimi nainunua kwa sababu ni yenu, nami naitia kwenye uji wenye tangawizi, moshi unapotea humo. Huyo wa Maskati ataichovya kwa kidole. Siwezi kukubali makaburi ya wazazi wako yawekwe rehani kwa kitu ambacho mtu wa huko hajakilamba."

Wanangu, mtani akiuweka utani chini, ni jambo zito. Hakuna pa kuegemea tena. Wote pale walikuwa wamejiandaa kucheka, na sasa hawakujua sura zao wazifanyeje.

Lugendo ndiye aliyejikaza. "Baba, tumeonja watu watano, hatukusikia kitu. Anasikia mmoja. Hapo nani kakosea?"

"Upo," ikasema sauti.

Alikuwa Bi Wande. Katika vikao vyote tangu kampuni ianze, mama yule hakuwahi kusema zaidi ya "Naunga mkono."

"Upo nini, Mama Nyamizi?" Mzee akauliza.

"Moshi. Nilipoletwa hapa bibi harusi kutoka Kasulu, mama mkwe alinikaribisha kwa asali. Nilitaka kuitema. Nikaimeza kwa heshima, kesho yake nikaimeza tena. Sijui ni lini niliacha kuusikia. Hata sasa nimeonja, sikusikia kitu. Lakini najua upo. Moshi haukwenda popote, Baba Nyamizi. Ulimi wangu ndio uliohamia kwenu."

Mzee alimtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Wakati ninausikia nilikuwa mgeni, nani angenisikiliza? Na nilipokuwa mwenyeji, sikuwa na la kukuambia tena."

Mzee akaiweka kalamu. Akaikunja hati, akaitia mfukoni, na kikao kikaisha bila mtu kukifunga.

Lugendo aliondoka na hasira zake. Alisema nyumba nzima imeogopeshwa na kijiko kimoja. Akachukua maboksi mawili ya asali, akapanda gari kwenda Dar es Salaam, na huko akaunga safari ya Maskati kwa jasho lake. Kikapita kimya kirefu. Alipopiga simu, aliomba bodi yote ikae, pamoja na Bi Tabu, na simu iwekwe katikati ya meza.

"Baba," akasema, "nimempelekea mfanyabiashara mmoja, mzee wa makamo yako. Amefungua chupa, amenusa. Kisha akanishika mkono, akanipa pole. Ameniuliza kama ghala letu liliungua."

Nyamizi akaisogeza simu karibu na baba yake.

"Nilitaka kumbishia. Nikaonja. Nimekula vya watu huku muda mrefu sasa, Baba. Nikausikia. Wa jiko moja hawasikii moshi."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutamkwa.

Kuuondoa moshi ule kulikuwa kazi ngumu kuliko kuuza nyumba. Nyamizi alizunguka porini akiwabembeleza warina watumie moshi kidogo, wasiunguze masega, na wengi wakamwuliza kama anataka kuwafundisha nyuki adabu. Asali ya kwanza safi ilipovuka kwenda Maskati, Mzee Mihayo alikuwa ameshafariki. Alizikwa nyuma ya nyumba, ubavuni mwa wazazi wake. Siku hiyo Bi Tabu alilizuia jeneza mlangoni, akakataa lisipite mpaka marehemu amlipe posho yake ya kikao. Watu wakacheka huku wakilia, akamwachia, naye akaingia kwenye ardhi ambayo bado ilikuwa yake.

Nyamizi alishika kiti cha baba yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtafuta mjumbe mwingine wa nje, naye akachagua mtu asiye mtani wao, ili siku akisema neno asichekwe kwanza.

Na wale mezani hawakuwa wajinga, mlielewe hilo. Walipendana tu, wakala chungu kimoja mpaka ndimi zao zikawa moja. Wa jiko moja hawasikii moshi.