Mkia Uliocheza Peke Yake

“Kimya cha mjusi si ridhaa.” Vijana walilisikia neno hilo kwenye kikao cha posa, bibi mmoja aliposhikilia kwamba mwari aliyenyamaza aulizwe tena. Walipotoka wakamuuliza Mzee Mbonea limetoka wapi, naye akawasimulia chanzo chake.

Huko Same aliishi mjane aitwaye Namkunda, mpenda viumbe. Kaka yake alimletea kutoka ng'ambo mjusi mwenye madoadoa kama ya chui, mpole, mwenye mkia mnene. Namkunda akamfuga ndani ya sanduku la kioo. Kisha akamhurumia kwa upweke, akamtilia guruguru wa porini awe mwenziwe.

Hawakupigana. Guruguru alitanda juu ya jiwe lenye joto, mjusi akajibanza kando, hatikisiki. Namkunda akawaita majirani. “Tazameni wanavyopatana! Kama wanangu na mkwe wangu.”

Mkwe huyo ni Nakiete. Mumewe alikuwa safarini, naye aliishi nyumbani kwa Namkunda na wifi zake. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Asubuhi moja Namkunda na Nakiete walikuwa wakichambua maharage karibu na sanduku. Ghafla guruguru akageuka, akamdaka mjusi mkiani. Mkia ukakatika! Mjusi akachomoka, akatetemeka konani. Lakini ule mkia ulibaki ukirukaruka mchangani, ukijipinda, ukicheza kana kwamba una roho yake. Hata guruguru aliduwaa. Namkunda alipiga magoti, mkono mdomoni.

“Ee Mungu wangu! Ameuachia mwenyewe?”

“Ameutoa ili abaki hai, mama.”

“Mbona siku zote alitulia?”

“Angekwenda wapi?”

Namkunda aliutazama ule mkia mpaka ukatulia tuli. Kisha akamgeukia mkwewe.

“Na wewe, mwanangu? Umeridhika, au huna pa kwenda?”

Maharage yakamwagika. Nakiete alilia kwanza, ndipo akasema, “Nawaogopa wifi zangu, mama. Nataka jiko langu.”

Siku hiyohiyo guruguru akarudishwa porini. Haukupita muda, Nakiete akajengewa nyumba yake ng'ambo ya kijito. Na mjusi akaota mkia mwingine, mfupi, usio na madoa. Majirani walikuja kuustaajabia muujiza huo, na kila aliyeinama kuchungulia kiooni, Namkunda alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye ibadani:

“Kimya cha mjusi si ridhaa.”