Pimbi, Nyegere na Mapipa ya Kuzimia Moto

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa pipa!

Pipa la nini?

— La maji!

Na maji yamo?

— Hatujui, tumeambiwa yamo!

Haya, kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, chini ya jabali moja kubwa, palikuwa na kijiji cha wanyama. Kuta zao nyasi, mapaa yao nyasi, na uwanda uliowazunguka nyasi tupu. Kiangazi kikiingia, nyasi zile hukauka mpaka zinalia zenyewe: kacha, kacha, kacha. Mwaka mmoja moto ukapita ukala nusu ya kijiji. Mama yake Pimbi alikufa katika moto huo, na Pimbi akabaki mdogo, hana wa kumwita. Mama Kanga ndiye aliyemchukua. "Kulala utalala kwenye jabali la wazazi wako," alimwambia, "lakini kula utakula kwangu." Na kweli akala kwake mpaka akakua, ikiwa kwa pimbi kule ni kukua.

Baada ya msiba wanyama wakaenda kwa Jumbe Tandala, wakakubaliana. Kila upande wa kijiji pawe na pipa la maji lenye kifuniko, na ndoo ya mchanga kando yake. Juu ya jabali litundikwe debe, na Pimbi awe mlinzi wa kulipiga akiona moshi.

"Na vyombo hivi nani atavikagua?" akauliza Jumbe Tandala.

"Mimi," akasema Nyegere.

Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Nyegere mnamjua: kucha ndefu, ngozi ngumu, hasira ziko puani. Hata simba akikutana naye njiani hukumbuka kwamba alikuwa anaelekea upande mwingine. Basi kimya kile kikawa ndiyo.

Nyegere akaanza kazi. Kila siku ya gulio alipita, kibuyu begani. Akifika penye pipa, analigonga kwa ukucha: ngo! ngo! ngo!

"Pipa zima!"

Anaipiga ndoo teke: gwaa!

"Ndoo nzima! Asali ya mkaguzi iko wapi?"

Wenye nyumba wanaleta asali, anakwenda zake. Pipa la pili vilevile: ngo! ngo! ngo! Pipa zima! Gwaa! Ndoo nzima! Asali iko wapi? Kifuniko hakifunui, ndani hachungulii. Tena akaweka mwiko: "Atakayefunua pipa pasipo moto, huyo ni adui wa kijiji, na mimi nitamshughulikia." Nani alitaka kushughulikiwa na Nyegere?

Sasa, mchana mmoja wa jua kali, Pimbi alishuka jabalini koo limekauka. Akapita karibu na pipa lililo kwa Mzee Ngiri. Akatazama huku, akatazama huku. Kiganja kimoja cha maji kitapunguza nini? Akainua kifuniko, akatia mkono. Mkono ukaingia polepole. Akautoa, ukatoka polepole zaidi. Akaulamba.

"Asali!"

Akakimbilia pipa la ghalani: asali. Akakimbilia la kwa Swala: asali. La kwa Mama Kanga, pale pale alipolelewa: asali mpaka juu. Akaipekua na ndoo ya mchanga, akakuta masega makavu. Kumbe Nyegere alikuwa amemwaga maji yote, mapipa ya kijiji akayafanya stoo yake, na mwiko akaufanya kufuli.

Pimbi akaondoka mbio kwenda kumwambia Jumbe Tandala. Alikwenda, alikwenda, akafika katikati ya njia. Hapo akasimama. Akawaza: "Nyegere atakana, halafu atanivunja shingo." Hilo lilikuwa wazo la woga, na woga una haki yake. Lakini likamjia na wazo la pili. Akauwaza uso wa Nyegere atakapotia mkono kutafuta asali akutane na kitu kingine. Kicheko kikampanda: kwi! kwi! kwi! Akageuka, akarudi jabalini.

Laiti angeendelea na njia yake.

Kesho yake mchana, Nyegere akiwa amelala, tumbo juu, Pimbi akashuka na vibuyu viwili. Asali akaitoa pipani kwa Mzee Ngiri, akaificha katika nyufa za jabali. Maji akayateka mtoni, akayamimina pipani. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, chururu, chururu, mgongo ukamuuma, lakini roho ilikuwa inacheza ngoma.

Siku ya gulio ikafika. Nyegere akaja. Ngo! ngo! ngo! "Pipa zima!" Mzee Ngiri alipoingia ndani kuchukua asali, Nyegere akainua kifuniko upesi, akatia mkono kuonja. Chubwi!

"Nani kachukua asa—"

Mzee Ngiri akatoka. "Asa nini, Bwana Mkaguzi?"

Nyegere akakirudisha kifuniko upesi. "Asa... asante! Asanteni kwa kulitunza pipa."

Kule juu Pimbi alijilaza chali, miguu hewani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aseme nini Nyegere? Adai asali gani, iliyokuwa wapi? Aliyeibiwa mali ya wizi huugulia tumboni.

Wiki iliyofuata pipa la kwa Swala. Chubwi! "Nani kachukua asa... asa... asanteni!" Iliyofuata tena, pipa la ghalani. Chubwi! Safari hii hata asante hakuimaliza. Aliondoka kwa hasira, na hasira yake ilikuwa na njaa.

Likabaki pipa la kwa Mama Kanga.

Pimbi angeweza kulijaza maji kesho yake. Hakulijaza. Aliliacha kwa makusudi. Mama Kanga alikuwa anaatamia, na vifaranga walikuwa karibu kutoka. Siku ya kuwatoa nje kijiji kizima kingekusanyika pale, na Nyegere angekuwepo, maana penye chakula hakosi. "Siku hiyo," Pimbi alijiambia, "nitamwomba Jumbe afunue pipa mbele ya watu wote. Asali ikionekana, Nyegere kwisha! Na watu watacheka vile ambavyo hawajawahi kucheka." Ilikuwa hila nzuri. Ilikuwa hila nzuri mno, ndiyo maana hakuweza kuiacha.

Asubuhi moja alikwenda kula kwa Mama Kanga kama kawaida. Upepo ulikuwa unavuma tangu alfajiri. Mama Kanga alikuwa juu ya mayai yake.

"Mwanangu Pimbi, hebu weka sikio hapa."

Pimbi akainama. Ndani ya mayai: twi, twi, twi.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia, Mama."

"Upepo huu siupendi. Unanikumbusha ule mwaka. Hili pipa langu, mwanangu, kweli lina maji?"

Jamani, hapo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini Pimbi aliukumbuka uso wa Nyegere, akakibana kicheko, akasema:

"Pipa zima, Mama. Limekaguliwa."

"Alhamdulillahi," akasema Mama Kanga, akajikunja vizuri juu ya mayai.

Na Nyegere je, alikuwa wapi? Alikuwa porini. Asali yake imepotea, pipa kwa pipa, na kila alipofikiria kilichobaki aliogopa kukigusa. Kwa hiyo akaenda kutafuta asali mpya. Alishika kienge cha nyasi, akawafukizia nyuki, akala kwa pupa. Nyuki walipomzidi akakitupa kienge akakimbia. Kienge kikaangukia nyasi kavu. Upepo ukakiokota.

Pimbi akaona moshi. Akalirukia debe. Nde! Nde! Nde!

"Motooo! Motooo upande wa mtoni!"

Wanyama wakatoka mbio. Moto ukafika ghalani, Jumbe Tandala akafunua pipa: maji! Mwaa! Ghala likapona. Ukafika kwa Mzee Ngiri: maji! Mwaa! Ukafika kwa Swala: maji! Mwaa! Kisha upepo ukageuka. Moto ukakunja kona kuelekea kwa Mama Kanga.

"Pipa! Pipa la Mama Kanga!" akapiga kelele Mzee Ngiri, akalisukuma kwa kichwa likaanguka.

Halikutoa mwaa. Lilitoa kitu kizito, cha rangi ya dhahabu, kilichotambaa ardhini taratibu kama kisichojua kwamba kuna haraka. Moto ukakifikia, ukakilamba, kikachemka, ukapita juu yake. Mzee Ngiri akaichukua ndoo ya mchanga akaimwaga, yakatoka masega. Nayo yakawaka.

Pimbi alikuwa anashuka jabali, anaanguka, anainuka. "Mama, toka! Mama, toka!" Mama Kanga alikuwa ametandaza mbawa juu ya mayai, hataki kutoka. Jumbe Tandala ndiye aliyemnyanyua kwa pembe, bawa moja limeungua, mama wa watu anapiga kelele kwamba wanaita, hamwasikii, wanaita.

Nyumba ikaanguka.

Moto ulipokwisha kupigwa kwa matawi mabichi, kijiji kizima kilinuka utamu. Wanyama wakatazamana. Wakamwona Nyegere anakuja kutoka porini, kidevu kinang'aa asali, manyoya yananuka moshi. Haikuhitaji maelezo. Safari hii walikuwa wengi na hawakuwa na hofu. Walimtimua kwa mawe na magongo mpaka ng'ambo ya mto, na hadi leo nyegere hutembea peke yake.

"Lakini mapipa matatu yalikuwa na maji," akasema Jumbe Tandala. "Nani aliyajaza?"

"Si ni Pimbi!" akasema Swala. "Nilimwona mchana na vibuyu, nikadhani anaoga!"

Wakashangilia. Pimbi! Pimbi amemzidi akili Nyegere! Wakambeba juu juu. Na Pimbi huko juu akawa anasema nishusheni, tafadhali nishusheni, na hakuna aliyemsikia, mpaka Mama Kanga alipokuja akiburuta bawa lake. Hapo wakamshusha.

"Kwa hiyo ulijua," akasema Mama Kanga.

"Nilijua, Mama."

"Asubuhi nilipokuuliza. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mama Kanga hakumlaani, hakumpiga. Alimtazama tu kama mtu anayetafuta sura ya mtoto fulani na haioni, kisha akaenda zake.

Pimbi akafanywa mkaguzi. Hakuna mkaguzi kama yeye aliyewahi kutokea. Hagongi pipa, analifunua, anatia mkono mpaka begani, anaonja. Mchanga wa ndoo anaumimina chini, anauchekecha, anaurudisha. Kamba ya debe anaivuta kila kukicha. Asali ukimpa hali, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akicheka ile kwi, kwi, kwi yake.

Mama Kanga alijenga tena, mbali kidogo na jabali. Pimbi hufika huko kama anavyofika kwingine.

"Hodi, Mama. Nimekuja kukagua."

"Karibu, kagua," sauti humjibu kutoka ndani. Hamwiti tena mwanangu, wala hamwambii apite ale.

Pimbi hufunua pipa, hutia mkono, huonja, hufunika. "Lina maji, Mama," husema, na huaga, na hujibiwa kwaheri. Na kila mara, akishafika njiani, husikia nyuma yake mlango unafunguliwa taratibu, na kifuniko cha pipa kinainuliwa tena.

Hageuki kutazama.

Basi watoto, mtaniuliza funzo. Funzo lipo, tena ni rahisi: asali haizimi moto. Kwa hiyo mwenye asali ya kuficha asiifiche kwenye pipa la maji. Aifiche kwenye ndoo ya mchanga, huko wachunguliaji ni wachache. Na ukiona pipa la mwenzio halina maji, usikimbilie kusema. Ngoja kwanza watu wajae, mcheke vizuri.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Kama ilikuwa tamu, lambeni wote. Kama ilikuwa chungu, niachieni kibuyu changu.