Gari la Wazi la Bi Mwanakombo

Jumamosi, saa mbili asubuhi, gari la Kimarekani la mwaka 1931 lilitoka bandani, kijijini Magoma, kwa nguvu ya injini yake. Ni gari la wazi, lenye paa la turubai la kukunja. Lilikuwa limelala humo tangu alipofariki mwenyewe, mzee Shekalaghe. Mjane wake, Bi Mwanakombo, ambaye sasa haoni, alikuwa ametangaza: "Atakayenifufulia gari hili, ni lake."

Walijitokeza mafundi watatu.

Singano alisikia vyuma. Aligusisha bisibisi kwenye injini, akaweka sikio kwenye mpini, akajua kilichokufa. Injini ilikuwa imekamata, haizunguki. Aliilowesha kwa dizeli, akaizungusha kwa hendeli kila alfajiri, mpaka ikakohoa.

Mhando aliona kwa viganja. Madigadi yalikuwa yameliwa na kutu. Alikata mapipa, akayagonga juu ya gunia la mchanga, macho ameyafumba, hadi mkunjo wa zamani ukarudi.

Nakiete alishona. Alifumua mabaki ya paa, akafuata matundu ya sindano ya kwanza, akakata turubai jipya. Viti alivijaza katani.

"Bila mimi mngelivutisha punda," Singano aliwatania.

"Na bila mimi ungeipakata hiyo injini," alijibu Mhando.

"Basi kaeni juu ya vyuma," alisema Nakiete, "mniachie viti vyangu."

Walikunja paa, wakampandisha Bi Mwanakombo. Mashamba ya mkonge yalipita taratibu kushoto na kulia, kama yanayoelea. Bibi alipapasa mlango. Akaegemea kiti. Akasikiliza. Karibu na daraja alicheka.

"Polepole, Shekalaghe, ushungi wangu utapeperuka."

Singano, aliyeshika usukani, alipunguza mwendo.

Waliporudi, injini ilizimwa, lakini hakuna aliyetaka kushuka.

"Bibi," Mhando aliuliza, "sasa gari ni la nani?"

"La mmoja wenu. Likiwa la watatu, mvua ikinyesha kila mtu atasema mwenzake kalifunika."

"Yupi sasa?"

"Nitajieni asiyestahili, nimtoe."

Walitazamana. Hakuna aliyetaja jina.

Bi Mwanakombo akashikwa mkono, akashuka, akauweka ufunguo juu ya boneti. Jua lilipozama ulikuwa bado hapo, na mafundi watatu walikuwa bado wamekaa garini.

Nanyi mliosikiliza, ufunguo ule mngemkabidhi nani?