Sauti na Miguu

Hapo zamani, katika milima ya Taita, aliishi Mkamburi na baba yake kipofu, Mzee Mwanyika. Wanaume wawili walimposa, naye, kwa siri, aliwapenda wote wawili.

Jioni moja, kwenye darasa la watu wazima, Mwalimu Wakesho alisema, "Waingereza wana neno lao la kuoana, 'wed'. Hapo kale neno hilo lilimaanisha rehani. Unaweka kitu chako cha thamani kiwe dhamana ya ahadi. Ukiivunja, umekipoteza."

Mwili ulimsisimka Mkamburi. Kumbe kuoana ni kuweka rehani! Akawaita wachumba wake.

"Atakayenioa aweke rehani mpaka mavuno."

Mghanga alikuwa mwimbaji; akiimba, watu huacha majembe. Akasema, "Naweka sauti yangu. Nikiimba kabla ya mavuno, nimekukosa."

Mwadime alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu asiyetulia mahali. Akasema, "Naweka miguu yangu. Nitakaa uani kwenu nimtunze baba. Nikitoka, nimekukosa."

Basi Mghanga akanyamaza. Alimzika mama yake mzazi, akanyamaza. Mwadime naye akakaa. Ng'ombe wake wakatawanyika, akakaa.

Mavuno yakikaribia, Mkamburi alipanda mlimani kutafuta kuni. Ukungu ukashuka ghafla, mzito, asiuone hata mkono wake. Akapiga hatua, jiwe likaporomoka chini ya mguu wake, asisikie likitua. Akaketi palepale. Wanakijiji wakamwita, lakini kelele zao zilitoka kila upande.

Ndipo mtu akaimba. Wengine wote wakanyamaza. Sauti ile ilipanda ndani ya weupe ule, moja, ndefu, haikatiki, na Mkamburi akahisi kama mlima mzima unapumua. Akainuka. Akaifuata, machozi yakimtiririka, mpaka akamgusa Mghanga kifuani.

Kule nyumbani, Mwadime alikuwa amesikia, "Mkamburi amepotea!" Akakimbia hadi langoni. Akainua mguu. Akalia kama mtoto, akarudi. Punde paa la nyasi likashika moto, naye akaingia ndani, akambeba mzee mpaka uani, mgongo wake ukiungua.

Mkamburi aliporudi, Mghanga alisema, "Nimevunja ahadi ili uishi. Rehani gani kubwa kuliko hiyo?"

Mwadime akasema, "Mimi nimeitunza, ingawa moyo ulipasuka. Ningeivunja, ungekuta majivu ya baba yako."

"Baba, wewe wasemaje?"

"Mwanangu, mmoja kakuokoa wewe, mmoja kaniokoa mimi. Usiniulize."

Akamgeukia Wakesho, aliyekuwa amefika pamoja na wanakijiji. "Na wewe, Mwalimu?"

Wakesho akatikisa kichwa. "Neno nililijua. Uzito wake sikuujua mpaka leo."

Mkamburi akawatazama wanaume wale, mmoja baada ya mwingine.

Haya, ninyi mliosikia, msemeeni: kati ya aliyeivunja ahadi yake na aliyeitunza, ni nani aliyestahili kumwoa?